Mashine ya bei kubwa inashinda kwa kiasi gani?

Mama mmoja wa Wete aliniwekea simu yake juu ya meza ya kazi, katikati ya skrubu na feni niliyokuwa nimeifungua, akanionyesha picha ya laptopu ya magemu inayouzwa Dar es Salaam. Kwenye mkoba wake wa ukili alikuwa na laptopu ya zamani ya mwanawe, ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuibadilisha diski. Kijana anacheza chesi, tena anacheza hasa. Mwenzake kamwambia kwamba mashine yake nzito, uchambuzi wake hauaminiki, na asiye na mashine ya maana hafiki mbali.

"Fundi," akaniuliza, "hii inaishinda hii kwa kiasi gani?"

Nikaanza kumtajia prosesa, kizazi chake, memori.

"Hayo yameandikwa kwenye boksi, mwanangu. Mie nauliza kwenye mchezo."

Pesa yenyewe ilikuwa ya karafuu. Nikamwomba asinunue kwanza, aniachie laptopu na anipe muda.

Swali lile likaniganda. Nimeuza na kutengeneza kompyuta Unguja kwa miaka, na kila siku mteja akiuliza ipi bora, namwambia hii ina kasi zaidi, naye anaridhika. Huyu hakuridhika. Alitaka kujua kasi ikifika kwenye ubao inageuka kitu gani.

## Kanuni ya mdomoni

Wapenzi wa injini za chesi, yaani programu zinazocheza na kuchambua chesi, wana kanuni waliyorithishana kwa miaka mingi: kasi ya mashine ikizidi mara mbili, injini inaongeza pointi 50 hadi 70 za Elo, kipimo cha nguvu ya mchezaji. Nimeikuta kanuni hii ikitajwa kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Asili yake inaeleweka. Mwaka 1997, kompyuta ya Deep Blue ya IBM ilipomfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov kule New York kwa pointi 3.5 kwa 2.5, kila gazeti lilishikilia namba moja: hali milioni 200 za ubao kwa sekunde, kila hali ikiwa ni mpangilio mmoja wa kete. Tangu siku hiyo watu wengi wameamini kwamba nguvu ya injini ni wingi wa hali inazopitia, basi.

Lakini pointi 50 hizo zilipimwa kwa injini ipi, na kwa kasi ipi ya kuanzia? Kuiongezea maradufu mashine ya mwaka 1985 na kuiongezea maradufu ya leo, je, ni jambo moja?

Hapo ndipo niliposhindwa kulala.

## Joto la kaskazi

Njia iliyonijia kwanza ndiyo ingemjia yeyote. Chukua laptopu mbili, moja ya zamani na moja ya karibuni, weka Stockfish ileile, injini ya bure inayotumiwa na wengi, kwenye zote, wape muda sawa, waache wapigane usiku kucha.

Duka langu limeezekwa bati. Kwenye msimu wa kaskazi, adhuhuri, ukiweka kiganja karibu na tundu la feni la laptopu inayofanya kazi nzito unakiondoa mwenyewe. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue. Kwa hiyo laptopu ileile, programu ileile, ilipitia hali nyingi kwa sekunde saa nane za usiku na chache saa sita za mchana. Feni yenye vumbi nayo ina lake, na grisi iliyokauka juu ya prosesa ina lake. Umeme ukikatika, laptopu inahamia kwenye betri, na nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza mwendo zenyewe bila kumwambia mtu.

Mimi ni katika waliokuwapo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika tukakaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi. Sijengi jaribio juu ya soketi ya ukutani.

Nikajiuliza: hapa napima injini, au napima feni?

## Hali badala ya sekunde

Jawabu lilikuwa kuachana na saa kabisa. Injini nyingi zinakubali amri ya kufikiri mpaka zifikie idadi fulani ya hali, kisha zicheze. Ukimpa mmoja hali 10,000 kwa kila hatua na mwingine 20,000, umetengeneza mashine mbili ambazo moja ina kasi maradufu ya nyingine, hata kama zote zinaishi ndani ya laptopu moja yenye joto kali. Prosesa ikipunguza mwendo, mchezo unachelewa tu, matokeo hayabadiliki. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia.

Njia hii ina mtego wake. Injini inayotumia uzi mmoja wa prosesa, yaani mkondo mmoja tu wa kazi, na idadi maalumu ya hali, ikianza na kumbukumbu tupu, haina bahati nasibu ndani yake. Ukiianzisha upya pale pale itacheza vile vile, hatua kwa hatua. Michezo elfu ya namna hiyo ni mchezo mmoja ulionakiliwa. Ndiyo maana lazima uwe na mafunguzi mengi tofauti, yaani hatua za mwanzo zilizopangwa, na kila ufunguzi uchezwe mara mbili, kila upande ukishika nyeupe mara moja, ili ufunguzi wenye upendeleo usimbebe mtu.

Kisha ikabaki kujua laptopu ya kijana na ile ya kwenye picha zinapishana mara ngapi. Hapa Stockfish ina kitu ninachokipenda mno. Ukiandika neno bench kwenye dirisha lake jeusi, inapitia orodha ya hali zilizopangwa, halafu inakupa mistari michache: muda uliotumika, jumla ya hali, na hali kwa sekunde. Ile jumla ya hali, kwa toleo lilelile na mipangilio ileile, inatoka sawasawa kwenye kila mashine, tarakimu kwa tarakimu. Kinachobadilika ni muda. Laptopu ya miaka kumi na tano iliyopita na ya jana zimefanya kazi ileile kabisa, moja imetoka jasho zaidi.

Kwa hiyo swali la mama likagawanyika mawili. Mashine hizi zinapishana mara ngapi kwa kasi? Hilo bench inalijibu. Na kupishana huko kunazaa pointi ngapi? Hilo linajibiwa na mechi.

## Maradufu, na maradufu tena

Nikazipanga laptopu za rafu ya nyuma, zile ambazo wateja waliziacha hawakurudi, nikaziachia kazi. Elfu kumi dhidi ya elfu ishirini. Ishirini dhidi ya arobaini. Arobaini dhidi ya themanini. Nikapanda hivyo mpaka kwenye mamilioni.

Ngazi za chini zilikuwa kama vitabu vinavyosema. Mwenye maradufu alimfunga mwenzake waziwazi. Unaweza hata kufungua mchezo ukaona alipomzidi: mmoja ametoa farasi akidhani anapata askari wawili, mwingine ameona hatua moja mbele kwamba askari wa pili hafikiwi.

Ken Thompson aliliona hili zamani, pale Bell Labs, na mashine yake ya chesi, Belle, ambayo mwaka 1983 ilifikia daraja la umasta nchini Marekani. Aliipiganisha Belle na nafsi yake, upande mmoja ukiangalia hatua moja zaidi ya mwingine. Kila hatua moja ya kina ilileta takriban pointi 200. Kwa hesabu ya Elo, anayekuzidi pointi 200 atachukua kiasi cha pointi 76 katika kila michezo 100. Si tofauti ndogo hata kidogo.

Mtu akiona mstari ule unapanda vile, atatamani uendelee mpaka mbinguni.

Hauendelei. Nilipofika ngazi za juu, sare zikaanza kujaa. Mwenye maradufu hakuacha kushinda, ila ushindi ulikuwa ukija mmojammoja, katikati ya sare nyingi. Nafasi niliyozoea kuiona kule chini ikawa nyembamba.

Nilikaa na hili muda mrefu, kwa sababu lina sababu mbili na sikutaka kuzichanganya. Miaka ya 1990 watafiti waliiachia injini izame kina baada ya kina na kuangalia ni mara ngapi inabadilisha hatua iliyoiona bora. Robert Hyatt na Monty Newborn walifanya hivyo na injini ya Crafty mwaka 1997, wakafika hatua 14, na hata huko injini iliendelea kubadili mawazo. Kwa hiyo kufikiri zaidi bado kunaleta kitu kipya. Ila kubadili hatua si lazima kubadili matokeo. Ukiwa tayari unacheza vizuri, mara nyingi unabadilisha hatua nzuri kwa nyingine nzuri, na mchezo unaishia palepale.

Sababu ya pili ni chesi yenyewe. Pande zote mbili zikicheza bila kuteleza, kila dalili inaonyesha kwamba mchezo unaelekea sare. Injini mbili zinazokaribia kutoteleza hazina mahali pa kupatia ushindi, hata moja ikiwa na akili zaidi. Watu wa majaribio siku hizi wanalazimika kuchagua mafunguzi ambayo upande mmoja tayari umeelemewa, ili mechi ipate kusema chochote.

Kwa hiyo zile pointi 50 hadi 70 si sheria ya maumbile. Ni kipimo cha mahali ulipo kwenye ngazi.

## Michezo mia haisemi kitu

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, na naandika nikiwa na uchungu nalo.

Nimesoma majigambo mengi ya namna hii: "Nimebadilisha mashine, nikapiga mechi ya michezo 100, injini yangu imeongeza pointi 30." Chukua mechi ya michezo 100 kati ya injini mbili zilizo sawa kabisa, nusu ya michezo ikiisha sare. Bahati peke yake inaweza kukupa pointi 48 za Elo juu au chini, na bado uko ndani ya kile wanatakwimu wanachokiita cha kawaida, mara 95 katika 100. Ukitaka kuteremsha kosa hilo mpaka karibu pointi 5, unahitaji michezo 10,000. Kosa linapungua mara kumi, michezo inaongezeka mara mia.

Ndiyo maana watengenezaji wa Stockfish, tangu mwaka 2013, wanatumia mfumo wa Fishtest ambamo watu duniani kote wanaazima muda wa kompyuta zao, na badiliko dogo la programu linapita kwenye michezo maelfu kwa maelfu kabla ya kukubaliwa.

Mimi sina hizo. Nina rafu ya laptopu zilizoachwa. Nikaamua nisimwambie mama namba nisiyoweza kuisimamia. Ngazi ya chini, tofauti inaonekana kwa macho. Ngazi ya juu, inaonekana kwa subira. Zaidi ya hapo nisiseme.

## Simu iliyochukua ubingwa

Kilichonigeuza mawazo ni kisa cha mwaka 2009, ambacho nilikuwa nakijua zamani bila kukitia maanani.

Buenos Aires, kwenye mashindano ya Copa Mercosur, Pocket Fritz 4 ilicheza ikiwa ndani ya simu. Si kupitia intaneti, ndani ya simu yenyewe. Ilipata pointi 9.5 kati ya 10 mbele ya wachezaji wa mashindano. Na ilikuwa ikipitia hali chini ya 20,000 kwa sekunde.

Rudi kwenye milioni 200 za Deep Blue. Simu ile ilikuwa nyuma mara elfu kumi.

Baada ya hapo mifano ikaja kwa mkururo. Desemba 2017 AlphaZero, programu ya DeepMind ya Google iliyojifunza chesi kwa kucheza na nafsi yake, ilicheza michezo 100 na Stockfish ya wakati ule, ikashinda 28, sare 72, haikufungwa hata mmoja, ikipitia hali 80,000 kwa sekunde dhidi ya milioni 70. Mechi ile ililalamikiwa kwa masharti yake na mimi naona walalamikaji walikuwa na haki, lakini uwiano wa hali unabaki hapo mezani. Kisha Mjapani Yu Nasu, mwaka 2018, akabuni kwa ajili ya shogi, chesi ya Kijapani, mtandao wa neva mdogo, yaani programu inayojifunza kupima hali kutokana na mifano, unaoweza kukimbia kwenye prosesa ya kawaida. Stockfish 12 ya Septemba 2020 ikauchukua. Kila hali ikawa inapimwa kwa muda mrefu zaidi, hali kwa sekunde zikapungua sana, na bado watengenezaji walitangaza kwamba toleo hilo, dhidi ya Stockfish 11, linashinda jozi za michezo mara kumi zaidi ya linazopoteza.

Injini ilipunguza kasi, ikapata nguvu.

Nikafanya jaribio ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Toleo la karibuni nikalipa hali chache, kiasi ambacho laptopu ya zamani inakimudu. Toleo la kabla ya 2020 nikalipa mara nne yake, kama liko kwenye mashine ya bei kubwa. Lenye hali chache likashinda, na halikushinda kwa kubahatisha.

Ndipo nikaifungua laptopu ya kijana, jambo ambalo mteja wa kawaida angelitarajia kwanza. Stockfish iliyokuwamo ilikuwa ya kabla ya mtandao wa neva. Tena lilikuwa toleo la jumla, lile linaloendeshwa na prosesa yoyote bila kutumia amri maalumu zinazoiwezesha kufanya hesabu nyingi kwa mpigo. Prosesa yake ilikuwa nazo. Nikapakua toleo linaloifaa, nikaandika bench upande huu na upande wa toleo la jumla la mwaka huohuo, na tofauti ya hali kwa sekunde ilikuwa mbele ya macho yangu bila senti kutoka. Nikafuta vumbi kwenye feni, nikapaka grisi mpya, nikaandika bench tena saa saba za mchana.

## Jawabu la mama

Alipokuja nilimwambia hivi. Tofauti ipo, mama. Mashine hizi mbili zikipiganishwa zenyewe kwa zenyewe, zikiwa na programu moja, ile mpya itashinda. Lakini mwanao hapigani na injini. Magnus Carlsen, aliyefika juu kuliko binadamu yeyote, kilele chake kilikuwa pointi 2882, mwaka 2014. Laptopu hii ikiwa na programu mpya iko juu ya hapo kwa mbali. Kijana atamaliza mafundi wote wa visiwani na wa bara kabla hajafika mahali ambapo mashine hii inakosea na yeye yuko sahihi. Anachokikosa ni haraka: jawabu ambalo ile ya Dar itampa kwa sekunde kumi, hii itampa baada ya dakika.

Nikamwambia pia lile lililonitia wasiwasi. Kungekuwa na sababu moja ya kununua. Kama angekuwa anacheza chesi ya masafa, ya kutumiana hatua kutoka mbali, ambako shirikisho lake la kimataifa linaruhusu injini na mchezo unaweza kuchukua miezi, pale mashine ina uzito wake. Ingawa hata huko juu kabisa, siku hizi sare zimejaa.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hiyo grisi, fundi, bei gani?"

Nikamtajia bei ya grisi na ya kusafisha feni. Alinilipa, akaiweka laptopu kwenye mkoba wake, na siku ileile akapanda boti ya Pemba.

## Vichwa vingi

Bado sijatulia kwa jambo moja. Mashine ya kwenye picha haikuwa na kasi zaidi tu, ilikuwa na viini vingi vya prosesa. Kwenye maduka viini vinahesabiwa kama vile vinane ni mara nane ya kimoja. Kwenye chesi sivyo. Mafundi wanane ukiwaweka kwenye ukuta mmoja hawaumalizi kwa muda wa mmoja kugawa kwa nane, watagongana. Stockfish tangu mwaka 2016 inaviachia viini vyote vichunguze ubao uleule, vikipeana habari kupitia jedwali moja la kumbukumbu, na sehemu ya kazi hiyo inarudiwa bure. Hali kwa sekunde zinapanda karibu kwa idadi ya viini, nguvu haipandi hivyo. Kwa hiyo hata namba ya bench, ukiichukua na viini vyote, inakudanganya kidogo.

Na lile jedwali la kumbukumbu nalo linajaa upesi kadiri mashine inavyokuwa na kasi. Ukinunua prosesa kubwa ukaacha jedwali kwenye ukubwa wake wa mwanzo, injini itakuwa inafuta ilichokijua ili ipate nafasi ya kuandika inachokijua sasa. Hilo sijalipima nikaridhika, na hesabu ya hali maalumu haitoshi kulipima, kwa sababu viini vingi vikifanya kazi pamoja matokeo hayarudi yaleyale. Itabidi nirudi kwenye saa, na kwenye joto.

Kwa hiyo naomba msaada. Mwenye laptopu ya zamani, hasa walioko Chake, Mkoani na Wete, aendeshe bench kwa uzi mmoja, kisha kwa viini vyote alivyonavyo. Niandikieni toleo la Stockfish, aina ya prosesa, hali kwa sekunde mara zote mbili, na saa mliyopimia. Semeni pia kama mlikuwa kwenye umeme au kwenye betri, na kama feni inazunguka.